Viungo Vyote Vije Kwangu

Jumatatu, tarehe 4

Nina miaka sabini na tisa. Nimeishi kuliko mafundi wote wawili walionifundisha kazi. Nimeishi kuliko daktari aliyesema moyo wangu haumalizi mwaka. Nimeishi kuliko cherehani za kuzungusha kwa mkono, na paa la kwanza la duka hili, lililoporomoka mimi nikiwa chini yake nafunga skrubu. Skrubu niliimaliza kuifunga.

Haya nayaandika mwenyewe. Kusoma nilijifunza ukubwani, kwenye maboksi ya sindano. Mwandiko wangu ni mkubwa lakini unaonekana. Sababu ya kuandika ni hii: mkamwana wangu, mke wa mwanangu, ameleta kompyuta dukani, na leo kaniambia kompyuta hiyo inaweka kumbukumbu ya kila anayeigusa na alichofanya. Nikasema vizuri. Na mimi nitaweka ya kwangu. Tuone ya nani itaaminika.

Duka letu ni la vipuri vya cherehani. Nililianzisha mimi. Sasa analiendesha mwanangu, yaani analiharibu polepole. Kiti changu kiko dirishani, pembeni ya kaunta. Anayepita barabarani lazima anisalimie. Ukuta nyuma ya kiti una alama ya mgongo wangu.

Mkamwana anaingiza vipuri vyote kwenye kompyuta. Anaita katalogi. Kila kipuri kina ukurasa wake, na ndani ya ukurasa kuna maneno ya rangi. Ukibonyeza neno unarukia ukurasa mwingine. Maneno hayo anayaita viungo. Tabu ni kwamba viungo vyote vina rangi moja. Mteja anabonyeza akitaka kuona picha, anapewa historia ya mkanda. Anabonyeza akitaka maelezo, anatupwa nje ya duka mpaka kwenye kiwanda cha watu asiowajua. Kwa hiyo viungo vigawanywe aina, kila aina na rangi yake, mtu ajue anakokwenda kabla hajabonyeza.

Mezani akasema anatafuta mtu mzima mwenye akili wa kupanga naye hizo aina. Nilikuwa nameza. Kabla sijamaliza kumeza, mke wangu akasema si kaka yangu yupo. Kaka yake ni shemeji yangu, mwalimu mstaafu. Hutembea na rula kwenye mfuko wa shati mpaka msibani.

Mwanangu naye akaongeza lake. Meza ya kompyuta itawekwa dirishani, kwa sababu ndipo penye soketi. Viti viwili tu: cha mkewe, na cha atakayepanga viungo. Mwingine atahamia stoo. Stoo haina dirisha. Ina magunia ya vitambaa chakavu na vichwa vya cherehani zilizokufa. Mtu akikaa stoo, watu barabarani wanaanza kuuliza alizikwa lini.

Jumamosi anakuja Mwenyekiti wa mafundi nguo kuijaribu katalogi. Akiipenda, mafundi wake wote watanunua kwetu. Aliyeipanga ndiye atakayekaa dirishani.

Nimelala mchana nikiwa na hasira.

Jumanne, tarehe 5

Shemeji alifika kabla ya chai. Alikuja na rula na kalamu za rangi. Akapiga mistari. Akasema viungo viko vya namna tatu, hakuna zaidi: vya muundo, kama mashine na sehemu zake, vya maana, kama kipuri na maelezo yake, na vya safari, vya kutoka humu kwenda kwa wengine. Alisema kama anayesomea darasa. Mkamwana anaitikia kwa kichwa, juu chini, juu chini, kama sindano inayoshona.

Nikaona kiti kinaondoka hivi hivi nakiangalia.

Nikasema hiyo yote ni rula tu. Viungo ni ujamaa. Nikawapa, bila karatasi. Mzazi na mtoto: kichwa cha cherehani na skrubu zake. Ndugu: sindano nyembamba na sindano nene, kiwanda kimoja, tabia mbalimbali. Jirani: mafuta na kitambaa cha kufutia, hawahusiani ila wanaonana kila siku. Mtani: kipuri bandia, unakicheka na bado unakinunua. Mjane: kipuri ambacho mwenzake hatengenezwi tena.

Mkamwana akacheka mpaka akafuta macho. Mwanangu alikuwa nyuma ya kaunta, akauliza kama kuna na mdaiwa. Huyo hajui hata upande wa kutia uzi.

Nikasema na mkwe. Sindano na ndoano ya chini ni wakwe. Ndoano inazunguka chini ya bamba, inadaka uzi wa sindano. Wanapitana karibu kabisa. Kila mmoja anamtegemea mwenzake, na hawagusani hata siku moja. Wakigusana, sindano imevunjika. Ukibadilisha mmoja bila kumwangalia mwenzake, umejitafutia.

Hapo mkamwana aliacha kucheka. Akasema, hii ni ya kweli, Baba. Vitu viwili vinavyolazimika kupatana bila kugusana, hakuna jina lake kwenye aina za Mjomba. Akaipa rangi ya buluu pale pale. Wakwe wa buluu. Hizo nyingine atazifikiria.

Shemeji akauliza kama nilialikwa kwenye harusi ya sindano na ndoano. Nikamwambia nilialikwa, ila mwalimu mstaafu hakualikwa.

Kwa hiyo yeye ana tatu, mimi nina moja. Lakini yangu ina damu ndani yake.

Jumatano, tarehe 6

Siku ya kuchukiza.

Mkamwana ametutengenezea kurasa sisi watu wa duka. Ukurasa wangu una picha yangu niliyopigwa zamani nikiwa na shingo. Chini kabisa pameandikwa: Vinavyoelekea hapa. Maana yake kurasa zinazonitaja, zenye kiungo cha kuja kwangu. Nikamwambia asome, miwani yangu ina ukungu. Akasema hakuna, Baba, bado ni mapema.

Tukafungua wa shemeji. Vinavyoelekea hapo vimeteremka mpaka mwisho wa kioo. Mkanda unamtaja. Pedali inamtaja. Bobini ya uzi wa chini, ambayo hajawahi kuishika maisha yake yote, inamtaja. Kumbe kila kiungo alichokipanga kwa rula ameweka na chake pembeni: aina hii imeelezwa na Mwalimu.

Nikadai haki yangu. Nikamwambia mkamwana aweke kiungo kwenye ukurasa wa shemeji kije kwangu, kwamba huyu ndiye fundi. Ila ukurasa wangu usimtaje shemeji kabisa, wala usijue kuwa yupo. Akasema vya namna hiyo vipo, vya kwenda upande mmoja tu, na mahali pengi ndivyo vinavyotumika. Ila katalogi yake kaijenga ili kila kiungo kijulikane ncha zote mbili. Ukimtaja mtu, anajua umemtaja. Akikutaja, unajua.

Nikamwambia hiyo si katalogi, hiyo ni mpambe wa kupeleka maneno.

Akasema, Baba, ni ili watu wasipotee.

Shemeji alikuwa amekaa kwenye kiti changu wakati wote huo, anajaribu mgongo wake kwenye alama ya mgongo wangu. Hautoshi.

Mke wangu jioni akaniambia niache kununa, kaka yake ni mtu mzuri. Nikamwambia sijasema ni mbaya. Nimesema ni mrefu bila sababu.

Alhamisi, tarehe 7

Leo nimefanya kazi ya maana kuliko wote.

Mkamwana alikwenda kwa mama yake, anayeumwa mguu. Mwanangu kaenda kufuata mizigo. Nikabaki nalinda duka. Kompyuta ilikuwa wazi, haijafungwa hata kwa neno la siri. Mtu akiacha mlango wazi hivyo, amekukaribisha.

Nikakaa. Ikauliza jina tu, nikaandika Baba. Mguu wangu ukaanza kutafuta pedali chini ya meza. Kazi ya miaka yote haitoki mguuni kirahisi. Nikakamata kipanya. Kidole kimoja, polepole. Kile kidogo nilichomwona mkamwana akikifanya nilikuwa nimekiweka kichwani, sikuwa nimelala kama walivyodhani.

Nimeweka kiungo kwenye ukurasa wa sindano: Muulize Mzee. Nikabonyeza. Nikatokea mimi, na shingo yangu. Nikaweka kwenye bobini. Kwenye mkanda. Kwenye gurudumu. Mpaka mwisho wa katalogi. Vile vingine nimeviondoa, kwa sababu vinamchanganya mteja. Vya muundo, vya maana, vya safari, vyote nje. Nimemwachia mkwe tu, ni wangu.

Kwenye ukurasa wangu sikuweka kiungo cha kutoka. Aliyefika kwangu amefika. Aende wapi tena?

Kisha nikateremka chini nikasoma. Vinavyoelekea hapa. Havikuisha. Nikasoma vyote kwa sauti, duka tupu. Sikumbuki mara ya mwisho kutajwa na vitu vingi hivyo.

Ndipo shemeji akatokea mlangoni na rula yake. Akainama akaangalia. Akabadilika rangi. Akasema, shemeji, umefyeka kazi yangu yote. Nikasema nimepalilia. Akasema atamwambia mkamwana akirudi. Nikamwambia mtu mzima na mvi zake, anakwenda kushitaki kama mtoto wa darasa lake. Akasema yeye akishitaki ataeleweka, maana ana sauti ya kushitaki.

Hapo tukaongea kama watu. Tukapatana hivi: kwenye ukurasa wangu niweke kimstari kidogo, Akikosekana, muulize Mwalimu. Naye anyamaze. Na ukurasa wake uendelee kuwa na Muulize Mzee kama wengine, maana sikutaka kumbagua. Akasimama juu yangu mpaka nikamaliza kuandika. Akaandika na jina lake, akasahihisha herufi.

Tumekunywa chai pamoja. Anasema sukari yetu si tamu.

Ijumaa, tarehe 8

Nimenyolewa. Kila mtu atakuwa anakuja kwangu, kichwa kiwe tayari. Kinyozi akauliza naoa. Mkamwana kutwa hajarudi, mguu wa mama yake bado. Karudi usiku akalala moja kwa moja. Hakuigusa kompyuta. Bahati inanijua.

Jumamosi, tarehe 9

Mwenyekiti alifika asubuhi. Mwanamke mpana, miwani imefungwa kamba shingoni, mkononi kikapu na ndani yake cherehani ndogo ya umeme. Amefuatana na mafundi wake. Mimi na shemeji tulikuwa tumeshakaa dirishani, bega kwa bega, mashati ya pasi. Kiti kilikuwa kimoja. Nusu kila mmoja.

Akasema mashine yake mpya inavunja sindano. Kila siku inavunja, na ana nguo za shule za kumaliza. Ila hataki kuuliza mtu, amechoka kuulizauliza kwenye maduka na kujibiwa na wanaume wasiojua. Anataka aone mwenyewe kama hiyo katalogi inajua. Akatoa simu yake, mkamwana akamfungulia.

Akatafuta sindano. Akabonyeza. Akaona picha yangu. Akasema, huyu ni nani? Mafundi wake wakachungulia. Mmoja akasema ni marehemu mwanzilishi. Nikakohoa.

Akarudi, akajaribu mkanda. Mimi. Akajaribu pedali. Mimi. Akaona kimstari, Akikosekana, akabonyeza, akapata shemeji na rula. Kwa shemeji akabonyeza kilichokuwepo. Mimi. Akabonyeza. Shemeji. Mimi. Shemeji. Akainua macho juu ya miwani akatuangalia dirishani. Akasema, nimetoka nyumbani kununua sindano, nazungushwa kati ya wazee wawili kama mpira.

Mkamwana alikuwa amesimama, mkono mdomoni.

Nikaona hapa ndipo pa kujiokoa. Nikasimama. Nikasema Mwenyekiti, simu ya nini, Mzee mwenyewe si huyu hapa, niulize. Akaniwekea mashine kaunta. Akaniuliza, haya, tatizo nini?

Ya namna hiyo sijawahi kuifungua. Ni nyeupe, nyepesi, imefungwa kila upande kama yai. Lakini ukiwa na miaka sabini na tisa, huwezi kusema sijui mbele ya watu, tena umenyolewa. Nikasema ni ndoano ya chini imechakaa. Nikachukua ndoano mpya rafuni, nikaiweka. Kwa ndoano mkono wangu haujasahau. Shemeji akasema hapo sawa, ingawa hajui. Nikamwambia Mwenyekiti akanyage.

Akakanyaga. Sindano ikashuka ikakutana na ndoano uso kwa uso. Ikavunjika vipande, kimoja kikaruka kikagonga miwani ya Mwenyekiti.

Akaivua, akaifuta.

Wakwe wamegusana. Nilijua. Aliyesema jambo hilo Jumanne ni mimi mwenyewe, nikapewa na rangi. Nimebadilisha mmoja bila kumwangalia mwenzake. Nimeudhika mpaka masikio yamewaka.

Mkamwana akakaa kwenye kompyuta. Akafungua ile kumbukumbu yake. Mwanangu akasoma kwa sauti, ana hiyo tabia: Alhamisi, Baba. Alhamisi, Baba. Alhamisi, Baba. Ikawa inateremka tu. Mafundi wakaanza kuitikia, Baba, kila akisoma. Halafu mkamwana akabonyeza mahali pamoja, Rudisha. Mara moja tu. Siku yangu nzima ya kazi, kidole kimoja, ikaondoka kama vumbi kwenye bamba. Vya rula vikarudi vyote.

Mwenyekiti alikuwa anakusanya vitu vyake kwenye kikapu. Mkamwana akamwambia, tafadhali Mama, mara moja ya mwisho. Mwenyekiti akabonyeza huku amesimama, uso umefungwa. Akapata ndoano. Chini yake neno la buluu: Mkwe wake, sindano fupi. Akabonyeza. Akasoma. Akakaa tena taratibu. Akasema kumbe. Hizi mashine mpya sindano zake ni fupi, sisi tunazitia ndefu zetu za zamani. Ndiyo maana zinavunjika.

Tukatia fupi. Ikashona. Akashona mstari mzima kwenye kitambaa cha kufutia, akauangalia pande zote mbili.

Akauliza hili la mkwe limetungwa na nani, maana ameelewa bila kuelezwa. Nikanyoosha shati. Mkamwana akasema, ni Baba. Mwenyekiti akaniangalia muda mrefu. Akasema, basi huyu Baba afikirie, asiguse.

Ameagiza. Mafundi wake wote watanunua kwetu.

Mkamwana hajanigombeza. Angenigombeza ningejua pa kuanzia. Alikuja baadaye akanipa chai akasema, Baba, ulitaka nini? Nikamwambia nilitaka mteja asipotee. Akasema sawa Baba. Akabaki amesimama. Akasema, ukurasa wako nimeuangalia Alhamisi usiku nikiwa kwa mama, kwenye simu. Niliona umetajwa na vitu vyote. Nilijua ni wewe. Nilisema nikuachie siku mbili, sikujua kuwa vingine umeviondoa.

Nikapuliza chai. Ilikuwa ya moto.

Jumapili, tarehe 10

Duka limefungwa. Wamehamisha meza. Dirishani kuna kompyuta na kiti cha mkamwana, na cha pili cha mteja. Kiti changu kiko stoo. Cha shemeji pia kiko stoo, kwa sababu kumbukumbu ilionyesha na herufi alizosahihisha. Amekasirika, anasema yeye ni mtu wa dirishani tangu zamani. Tumegawana taa moja. Anapima stoo kwa rula. Anasema upande wangu umezidi.

Mkamwana ametuletea simu ya zamani tuisome katalogi na kumweleza penye makosa. Kusoma tunaruhusiwa. Kugusa, hapana. Nimefungua ukurasa wangu nikateremka chini. Vinavyoelekea hapa: kimoja. Cha buluu. Aina ya mkwe, jina limetolewa na Baba.

Kimoja ni kidogo. Lakini nimekifungua mara kadhaa leo, na kila mara kinanileta kwangu.

Nimeshafikiria. Kosa halikuwa langu, kosa ni lile neno Rudisha. Likiwekwa kiungo na lenyewe lije kwangu, atakayetaka kurudisha atakutana na mimi kwanza. Nitamsikiliza. Mkamwana sasa ameweka neno la siri, lakini anaandika polepole akiwa amebeba kikombe, na toka mlango wa stoo, ukiuacha nafasi kidogo, vidole vyake vinaonekana vizuri. Herufi mbili za mwanzo ninazo. Nimemwambia shemeji aangalie za mwisho, ni mrefu.

Haya yote ni kweli kama nilivyoyaandika. Asiyeamini asiende kwa mwanangu, atacheka kabla hajajibu. Wala kwa kompyuta, ina upendeleo. Amuulize shemeji yangu, Mwalimu mstaafu. Alikuwepo, aliona, na hajui kudanganya. Kiti chake kiko hapa stoo, kulia kwa magunia.

Lakini asimwambie kuwa mimi ndiye niliyemtaja.